Nilimwambia Wairimu Sikujua

Nekesa mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako sitaiuliza, kwa sababu naijua, na kwa sababu najua ungenijibu nini. Ungesema uko sawa. Umenijibu hivyo tangu yale mashindano ya judo ya miezi mitatu iliyopita, nami nimelipokea jibu lako kila mara kwa kuwa lilinifaa.

Sasa ni saa kumi jioni. Uko kanisani unaombewa safari, na ukitoka huko utapitia kwa shangazi zako kuaga. Nimefunga duka mapema. Nimesukuma sare za shule upande mmoja wa meza na nimekaa mbele ya cherehani na daftari langu la vipimo vya wateja, ndiyo maana karatasi hii ina mistari myekundu pembeni. Baridi ya Julai imeingia mpaka kwenye vidole. Mambo ya sweta, dawa na pasipoti sitayaandika. Una miaka ishirini, na mkoba wako uliufunga vizuri kuliko ambavyo ningeufunga mimi.

Nataka nikuambie habari za Wairimu.

Sura yake unaijua. Ni yule msichana mrefu kwenye picha iliyo ndani ya Biblia yangu, amesimama kando yangu, sote tumevaa gi za kuazima, zile nguo nyeupe za judo, ambazo mikono yake inatumeza. Ulipokuwa mdogo uliniuliza ni nani, nikakujibu kwamba ni rafiki yangu aliyehama. Hakuhama. Yuko Loresho, anauza miche ya maua na miti kando ya barabara, na kwa miaka yote ambayo wewe umeishi amekuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kutoka hapa Riruta asubuhi, nikamsalimia, nikarudi kupika chakula cha mchana. Sikuwahi kwenda.

Nilipofika Nairobi kutoka Bungoma nilikuwa mdogo kuliko ulivyo sasa. Nilipata kazi ya kusafisha ofisi Kilimani. Nyuma ya jengo letu kulikuwa na ukumbi mdogo ambao jioni ulijaa watu waliorushana chini na kuinuka wakiinamiana kwa heshima. Nilizoea kusimama dirishani nikiwa na ndoo yangu. Siku moja mwalimu wao, mzee mfupi mwenye masikio yaliyovimba kwa kusuguliwa na makoti, alinijia na kuniambia nivue viatu niingie au niende nyumbani, kwa maana namzibia mwanga. Nilivua viatu.

Wairimu ndiye aliyenifundisha kuanguka. Alikuwa binti wa wenye ploti za kupangisha kule Dagoretti, msichana aliyekulia nyumba ya mawe, na mimi nilikuwa nalala kwenye kochi la shangazi. Pale mkekani hayo hayakuwa na maana. Alinishika mkono, akanionyesha jinsi ya kuupiga mkeka kwa kiganja ili mwili usibebe uzito wote, akanirusha polepole mara nyingi mpaka nikaacha kuogopa dari. Tulikuwa na uzito mmoja. Mwalimu alituona na baada ya mwaka akasema tufanye kata.

Haya unayajua, lakini acha niyaandike, nataka uyaone kwa macho yangu. Katika mapigano, kila mtu anamtafutia mwenzake kosa. Katika kata hakuna adui. Mmoja anarusha na mwingine anaanguka, hatua zote zinajulikana tangu mwanzo, na waamuzi wanatazama kama wawili hao wamekuwa kitu kimoja. Neno la Kijapani la yule anayeanguka lilitufanya tucheke sana, kwani kwa Kiswahili chetu ni jina la sehemu ya siri, hivyo Mwalimu akaamua kwamba pale ukumbini tutasema mrushaji na mwangukaji, basi. Wairimu alikuwa mrushaji. Mimi nilikuwa mwangukaji, kama wewe.

Mitupo ni kumi na mitano, kila mmoja mara mbili, kulia na kushoto. Maana yake ni kwamba mwangukaji huanguka mara thelathini na kuinuka mara thelathini kama mtu ambaye hakupatwa na jambo lolote. Nililipenda hilo. Nilikuwa nimetoka kwenye nyumba ambayo ukianguka unachekwa, na sasa nilikuwa nimepata mahali ambapo kuanguka kwangu ndiko kulikoheshimiwa. Miaka minne tulifanya mazoezi karibu kila jioni. Nilijua pumzi ya Wairimu kabla hajaivuta. Alijua siku niliyogombana na baba yako kwa namna nilivyoshika ukosi wake.

Kisha yakaja mashindano ya mchujo. Jozi moja tu ya wanawake ingechaguliwa kwenda nje kuiwakilisha Kenya, na kila mtu ukumbini alijua kwamba jozi hiyo ingeweza kuwa sisi. Sikuwa nimewahi kupanda ndege. Mama yangu alikuwa hai bado, na nilikuwa nimemwandikia kwamba nitapanda.

Wiki mbili kabla ya mchujo nilinunua kipimo kwenye duka la dawa hapa Riruta, nikaenda nacho kwenye choo cha ofisi. Mistari ilikuwa miwili. Nilikifunga kwa gazeti na kukitupa kwenye pipa ambalo mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa na kazi ya kulimwaga. Wakati huo mimi na baba yako tulikuwa tumeanza kuishi pamoja, na alikuwa anataka mtoto kuliko kitu chochote. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba nitamwambia tukishachaguliwa. Sikumwambia Mwalimu, kwa kuwa angenitoa. Na sikumwambia Wairimu, kwa kuwa Wairimu asingekubali hata kunishika.

Tulifanya mazoezi zaidi wiki zile mbili kuliko wakati mwingine wowote. Naandika hivi ili usidhani lilikuwa kosa la siku moja.

Karibu na mwisho kuna mtupo ambao wewe siku hizi unaujua vizuri kuliko mimi. Mwangukaji anakuja na ngumi inayoshuka kutoka juu. Mrushaji anaingia chini yake, anamkumbatia, mkono mmoja mgongoni na kiganja cha mkono wa pili tumboni, chini ya kitovu, halafu anajitupa chali naye na kumpitisha juu ya bega. Siku ya mchujo, mtupo huo ulipofika, niliishusha ngumi yangu na nikahisi kiganja cha Wairimu kikikaa mahali pake, barabara kabisa, kama tulivyofundishwa. Nikaruka. Nikainuka. Nikageuka, tukafanya tena upande wa pili.

Hatukukosea hata hatua moja. Sijawahi kufanya kitu chochote vizuri kama nilivyofanya kata ile, si kushona, si kupika, si kukulea wewe. Tulipoinama mwisho, ukumbi wote ulipiga makofi. Tulichaguliwa sisi.

Damu ilianza nikiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Wairimu ndiye aliyeiona, kwa maana gi ni nyeupe.

Alinibeba. Msichana yule alinibeba mgongoni mpaka barabarani bila kuvaa viatu, na ndani ya gari alinishika mkono muda wote akinisemesha. Hospitalini walifanya wanachofanya. Daktari alikuwa mwanamke mpole. Alituambia kwamba mimba changa hutoka kwa sababu nyingi, na kwamba hawezi kusema ni kuanguka, wala hawezi kusema si kuanguka. Mpaka leo mimi sijui. Hilo ni jambo nililolikubali: sitajua.

Lakini kuna kitu ninachokijua. Baba yako alikuwa amefika. Alisimama upande mmoja wa kitanda ameshika kofia yake, na Wairimu upande wa pili, miguu yake ina vumbi la barabarani. Wairimu akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Ulikuwa unajua?"

Nilimtazama baba yako. Uso wake ulikuwa umekwisha. Nikaona kwamba nikisema ndiyo, nitampoteza pale pale.

Nikasema, "Sikujua."

Neno lenyewe ni dogo hivyo. Wairimu aliinamisha kichwa kwenye shuka na kulia, na nikamwekea mkono kichwani, nikambembeleza. Nilimbembeleza, Nekesa. Nilimwambia, "Hukujua, na mimi sikujua, ni mapenzi ya Mungu." Nilimtaja hata Mungu.

Jozi ya pili ndiyo iliyokwenda. Wairimu hakukanyaga mkeka tena. Nilipopona nilimfuata kwao mara mbili kumwomba arudi, na mara zote mbili aliniambia kwamba akifumba macho anakihisi kiganja chake tumboni mwangu. Nilikuwa na dawa ya maumivu yale mdomoni mwangu, na nikaimeza mwenyewe, nikarudi nyumbani. Nilidhani muda utamfanyia kazi ambayo ilikuwa yangu.

Miaka miwili baadaye ulizaliwa wewe. Alikuja kukuona. Alileta nguo ya sufu aliyofuma mwenyewe, ya rangi ya manjano. Nilikunyanyua nimpe akubebe, naye akaficha mikono yake ndani ya shali. Akasema ana mafua. Hakuwa na mafua. Alikutazama kwa mbali kidogo, akasema una paji la baba yako, akanywa chai nusu kikombe na kuondoka. Ndiyo mara ya mwisho alipoingia nyumbani kwangu.

Wewe unadhani nilikupeleka judo kwa sababu niliupenda mchezo. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nilitaka mtu wa damu yangu aimalizie ile safari. Nilikufundisha kuanguka kwenye godoro letu kabla hujaanza darasa la kwanza, na baba yako akicheka mlangoni, na wewe ukicheka zaidi yake. Siku hizo zilikuwa nzuri. Sizifuti.

Lakini nakumbuka pia mashindano yako ya kwanza makubwa, ukiwa na miaka tisa. Ulitupwa mapema na msichana mdogo kuliko wewe, ukatoka mkekani umeshika kiwiko ukilia kwamba kinauma. Nilikuambia ufute machozi, watu wanatazama. Tulirudi kutoka Kilimani mpaka hapa bila mimi kusema neno. Ulijaribu kunisemesha mara tatu. Nilikunyamazia mpaka kesho yake, na kesho yake kiwiko kilikuwa kimevimba kama viazi viwili. Baba yako ndiye aliyekupeleka kliniki. Uliporudi na bandeji nilikuuliza unajisikiaje, ukanitazama kwanza usoni, ukapima, kisha ukasema, "Niko sawa, Mathe."

Nilifurahi. Nilifikiri umekomaa. Sasa naona kwamba siku ile ulijifunza ni jibu gani linalopokelewa katika nyumba hii.

Baba yako alifariki akiamini kwamba sikujua. Zile wiki zake za mwisho, tulipokuwa wawili tu pale kwenye wodi, alizungumza habari za yule mtoto. Alisema angekuwa mkubwa sasa, pengine angekuwa kijana wa kumsaidia kazi za umeme. Alinipigapiga mkono akaniambia nisijilaumu, kwani sikujua. Nilikaa pale na mdomo wangu umefungwa. Nilijiambia huwezi kumpa mgonjwa mzigo kama huo. Labda ni kweli. Labda pia nilikuwa namwogopa hata akiwa hawezi kuinua kijiko. Tulimzika Bungoma, na wewe ulinishika kiuno kwa nguvu ili nisianguke, na nilifikiri, mtoto huyu ananishikilia na hanijui.

Sasa nifike kwako.

Yale mashindano ya miezi mitatu iliyopita nilikuwa nimeketi jukwaani. Lilikuwa pigano, si kata. Yule msichana alikuzungusha, ukajaribu kugeuka hewani usimpe alama, ukatua kwa shingo na bega. Ulilala pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida. Kisha ukainuka, ukainama, ukatoka. Uliniambia uko sawa.

Tangu hapo nimeona vidole viwili vya mkono wako wa kushoto vikikataa vifungo vya blauzi. Nimeona sufuria ikikuponyoka, ukasema ni sabuni. Unalala umeinua mkono juu ya kichwa. Unaponyoosha shingo unafumba macho. Na ile siku ulipoijaza fomu ya afya, hapa hapa kwenye meza hii, nikiwa napinda sketi, nilijua umefika kwenye swali la shingo na mgongo kwa sababu kalamu yako ilisimama. Sindano yangu pia ilisimama. Kisha ukaandika "Hapana", na mimi nikaendelea kupinda.

Ninajua kwa nini uliandika ulivyoandika. Shule ile ya judo ya Japani imewachukua wewe na Shiro, mrushaji wako, kama jozi. Mmoja akitoka, wote wawili wametoka. Shiro ameacha chuo kwa ajili ya nafasi hii, wazazi wake kule Loresho wamekubali kwa shida, na wewe hutaki uwe mtu aliyemvunjia mwenzako. Unajiambia kwamba mkifika utapumzika kidogo na ganzi itaisha. Nayajua maneno hayo yote. Sina haja ya kuyakisia.

Nami kwa nini sikusema? Kwa sababu nilitaka upande ile ndege. Nilitaka kuliko wewe. Hakuna jibu lingine lililo safi zaidi ya hilo.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa Wairimu. Nilikuwa nimejipa sababu kwamba mwanangu anasafiri kwa judo na sitaki aende nikiwa na lile jambo kifuani. Nilimkuta amevaa gamboti na sweta ya kiume, anamwagilia miche kwa mpira. Amenenepa, nywele zimeingia mvi mbele. Alinitambua mara moja.

"Nasimiyu," alisema, kana kwamba tulionana juzi.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Yote yalikimbia. Nikamwambia, "Siku ile hospitalini uliniuliza kama nilijua. Nilijua. Nilikuwa nimejua kwa wiki mbili."

Alifunga maji. Aliuzungusha ule mpira mkononi, taratibu, mizunguko mizuri.

"Wiki mbili," akasema. "Na tulikuwa tunafanya mazoezi kila jioni."

"Kila jioni."

"Kwa hivyo kila jioni nilikuwa nakushika hapo, na wewe unajua."

Nikasema ndiyo.

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniambia kwamba ana wavulana wawili, na kwamba kila mimba aliibeba kwa hofu, miezi yote akingoja Mungu amchukulie na wake. Alipojifungua wa kwanza alimwomba muuguzi ambebe mtoto kwanza, muda mrefu, kabla yeye hajathubutu. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nalijua.

"Niliungama, Nasimiyu. Nilisimama mbele ya kanisa, mama yangu ameketi mstari wa pili, nikasema nimeua mtoto wa rafiki yangu bila kukusudia. Wakaniombea. Mama alikufa akijua hivyo. Huko kwetu watu wazee bado wananijua kwa jambo hilo."

Nilipiga magoti pale kwenye tope. Nikamwomba anisamehe. Alinitazama kama mtu anayetazama mvua, akaniambia niinuke, wateja watadhani nini. Alisema, "Sijui kama nitaweza. Usinilazimishe leo."

Mteja mmoja alikuja kweli, mwanamke mwenye gari, akitaka miche ya ua. Wairimu alimhudumia, akambebea mpaka kwenye buti, akarudi. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilifikiri atanifukuza. Badala yake akaniuliza habari zako. Alisikia kwa Mwalimu kwamba unasafiri.

"Yeye ni nani kwenye kata?"

"Mwangukaji."

"Mwili wake ni mzima?"

Nilitaka kusema ndiyo, na neno lilikuwa tayari, limezoea njia. Halikutoka. Wairimu alinisoma usoni kama zamani alivyokuwa akinisoma kwa kushika ukosi wangu.

"Na mwenzake anajua?"

"Hapana."

Akauokota ule mpira wa maji. Halafu akasema, "Sasa umekuja kuniomba msamaha wa nini, na bado unaendelea?"

Akafungua maji. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya pale, nikaondoka.

Jumatatu nilikwenda kliniki, ile ya karibu na soko, nikamweleza daktari kuhusu mtu niliyesema ni mpwa wangu. Nilimwambia juu ya kuanguka, vidole, ganzi ya usiku. Hakuniambia kwamba mtu huyo atapona wala kwamba hatapona. Alisema asianguke tena, hata mara moja, mpaka shingo ipigwe picha, kwani kuna kuanguka ambako mtu hainuki nako. Alirudia mara mbili, akaniuliza kama huyo mpwa anaishi nami, nimlete. Nikasema nitamleta. Hiyo ni siku tano zilizopita, na kila siku nimeamka nikiwa na nia ya kukuambia, na kila siku umekuwa unacheka na simu, unapima sweta mbele ya kioo, unaniuliza kama Japani kuna unga wa ugali. Nilikuwa mwoga siku tano. Ongeza hizo kwenye miaka ishirini na mbili.

Nekesa, mimba yangu huenda ingetoka hata kama ningekaa kitandani. Shingo yako huenda ikapona yenyewe. Hayo hayako mikononi mwetu. Lakini siku moja, kule ugenini, Shiro ataingia chini ya ngumi yako, atakukumbatia kama alivyofundishwa, atakurusha kwa moyo wake wote kwa sababu anakuamini. Na kama siku hiyo hutainuka, yeye ndiye atakayesimama kando ya kitanda miguu mitupu akikuuliza. Nimemwona mtu aliyeishi na swali hilo. Nimemwona ameficha mikono yake ndani ya shali ili asikubebe wewe.

Shiro na baba yake wanakuja kukuchukua kesho saa kumi na moja alfajiri. Mwambie. Ukitaka mwambie leo kwa simu, ukitaka mwambie hapo getini. Akijua na bado mkaamua kwenda, mwende mkamwone daktari huko kabla ya kukanyaga mkeka, hilo litakuwa lenu wawili. Akijua mkaamua kubaki, Jumatatu tutakwenda kupiga picha, na huenda nafasi ile ikapewa jozi nyingine, na huenda isirudi tena. Sitakudanganya kwamba itarudi. Yangu haikurudi.

Lakini usipomwambia, nitamwambia mimi. Nitatoka nje kabla hujaingiza mkoba kwenye gari, na nitamwambia mbele ya baba yake. Utasema nimekusaliti, na kwamba nilisubiri mpaka dakika ya mwisho, na kwa yote mawili utakuwa na haki. Unaweza kuninyamazia mwaka mzima. Unaweza kuninyamazia kama nilivyokunyamazia ukiwa na miaka tisa, na zaidi. Nimelifikiria hilo tangu Jumamosi na nimeona kwamba naweza kuishi na binti ambaye hanisemeshi.

Nitakupa barua hii ukishakula. Kisha nitatoka nikae kwenye ngazi za nje, ili usome bila kutazama uso wangu kupima ni jibu gani ninalolitaka. Ukimaliza, njoo. Njoo na hasira, sitakuambia ufute machozi. Na nikikuuliza mkono unaumaje, niambie unaumaje.

Mama yako,
Nasimiyu